Safari ya baiskeli msimu wa kipupwe na kulala kambi ya warina asali: tujiandae vipi?

Mwalimu wa Ng'ambo, Tabora (mwenye swali)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Sisi ni watu wanne hapa Tabora mjini tunaopenda kuendesha baiskeli za gia, zile za milimani zenye matairi mapana: walimu wawili, fundi cherehani mmoja, na mpwa wangu wa miaka 17 ambaye kwa kweli ndiye mwenye nguvu kuliko sisi wote. Mwaka huu Sabasaba inaangukia Jumatatu, kwa hiyo tumepata siku tatu mfululizo, nasi tumekusudia kuzitumia kwa safari ambayo tumeizungumza muda mrefu bila kuifanya. Tutasafirisha baiskeli kwa basi hadi Sikonge Jumamosi asubuhi, kisha tutaingia kwenye misitu ya miombo kwa njia za warina asali, kama kilomita 35 hivi, hadi kwenye kambi ya mjomba wa mwenzetu. Tutalala hapo usiku wa Jumamosi na wa Jumapili, na Jumatatu tutarudi.

Linalonitia wasiwasi kwanza ni baridi. Watu wa pwani wakisikia Tabora wanafikiri jua tu, lakini sisi tunaoamka hapa mwezi wa saba tunajua asubuhi zake. Mwaka jana tulitoka alfajiri kwenda Kwihara, pale penye tembe alilokaa Livingstone, na ingawa ni mwendo mfupi, vidole vyangu vilikufa ganzi hata nikawa nashindwa kukaza breki sawasawa. Nilirudi nyumbani nikaoga maji ya moto, mambo yakaisha. Porini hakuna maji ya moto ya kuoga, na kibanda tunachokwenda kulala sijawahi kukiona.

Naomba mwenye uzoefu anieleze mambo haya: tuvae nini mchana na tulale na nini usiku, tubebe maji kiasi gani, baiskeli tuziandae vipi kwa njia za mchanga, na zaidi ya yote, tukifika kwenye kambi ya watu tunatakiwa kuishi vipi ili tusiwe kero. Mwenzetu aliye na mjomba hajafika huko tangu utotoni.

Mwana wa Mrina, Sikonge

Mwalimu, salaam. Umeuliza la mwisho kana kwamba ni la nyongeza, lakini mimi nitaanza nalo kwa sababu ndilo litakaloamua kama safari yenu itakuwa nzuri au mbaya. Nimezaliwa huku Sikonge, marehemu baba alikuwa mrina asali, na likizo zangu nyingi za shule ya msingi niliziishia kambini kwake. Ninaipenda kambi kuliko mahali pengine popote, ndiyo maana nitaandika kwa urefu.

Kambi si nyumba ya wageni, ni mahali pa kazi, tena mnakwenda wakati wa kurina. Kazi yenyewe hufanyika zaidi jioni na usiku, nyuki wakiwa wametulia, mtu anapanda juu ya mti na kienge cha moshi, anashusha masega, anarudi kambini saa nne au saa tano za usiku akiwa amechoka na ameumwa. Kwa hiyo mkifika saa tisa alasiri mkawakuta wazee wamelala, msidhani ni wavivu au hawakufurahi kuwaona. Tegesheni baiskeli zenu pembeni, kaeni kivulini, zungumzeni kwa sauti ya chini mpaka mtu aamke mwenyewe. Wakiamka asubuhi, "Mwangaluka" moja tu kutoka kwenu, yaani salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, itafungua mengi.

Kibanda kwa kawaida ni fito zilizosimikwa ardhini na kufungwa kwa kamba za magome, paa la nyasi, na mlango ambao mara nyingi ni gunia tu. Ndani kuna uchaga wa fito unaotumika kama kitanda, na chini yake hupangwa ndoo na madumu ya asali. Msisogeze chombo chochote hata kama kinawabana, kwa sababu kila dumu lina mwenyewe na mpangilio wake anaujua yeye. Dumu la lita 20 likijaa asali lina uzito wa karibu kilo 28, na mrina hufunga mawili, pengine matatu, kwenye keria ya baiskeli nyeusi ya kawaida isiyo na gia hata moja, akaisukuma mchangani hadi barabarani. Mnapoona njia ngumu kwa baiskeli zenu za gia 21, kumbukeni nani aliichonga njia hiyo.

Kuna jambo dogo ambalo kila nikilikumbuka namkumbuka baba. Kwenye nguzo ya mlango wa kambi yake kulikuwa na msumari, na kwenye msumari huo palining'inia vipande vya tyubu kuukuu vilivyokatwa vyembamba kama mikanda, vingine vyeusi, vingine vimepauka kwa jua mpaka vikawa rangi ya majivu. Kila aliyepita kwa baiskeli akiwa na vipande vya ziada aliviacha pale, na kila aliyekatikiwa na mpira wa kufungia mzigo alichukua. Hapakuwa na mtu wa kuhesabu. Nendeni na tyubu mbovu mbili, mzikate nyumbani, mkavitundike. Hiyo ni zawadi ambayo mrina ataielewa bila maelezo. Pamoja nayo bebeni sukari, majani ya chai, chumvi, sabuni na betri za tochi. Msiende na fedha mkononi mkauliza bei ya kulala, mtamwaibisha mzee. Kama mnataka asali, nunueni siku ya kuondoka, kwa bei atakayoitaja.

Kuhusu nyuki, msipake manukato wala mafuta yenye harufu kali asubuhi ya safari. Njiani msipumzike chini ya mti wenye mzinga. Inueni macho kabla ya kukaa, kwani mizinga ya magome hufanana sana na tawi lililovunjika. Kiangazi hiki nyuki wanatafuta maji, kwa hiyo chupa iliyoachwa wazi na fulana iliyolowa jasho zitawavuta. Wakiwashambulia, funikeni uso, ondokeni mbio kwa mguu au kwa baiskeli, msisimame kupunga mikono. Mwiba uliobaki mwilini ukwangueni kwa ukucha mara moja, maana unaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshaondoka.

Sasa maji. Vijito mnavyoviona kwenye ramani ya simu ni vya masika. Mwezi wa saba vingi ni mchanga mtupu, na maji ya kambini hutoka kwenye kisima kilichochimbwa kwenye mkondo au huletwa kwa baiskeli kutoka kijijini. Nikiwa kidato cha tatu niliwachukua wenzangu wawili wa mjini kwenda kambini kwa baba tukiwa na lita 10 kwa watu watatu, kwa sababu nilikuwa na hakika na kisima. Tulikuta kimekauka na baba amekwenda kijijini kuchota. Tuliyanywa yote kabla ya magharibi, na baba aliporudi saa mbili usiku na madumu mawili, nilimwona akiyatazama kwa namna ya mtu anayegawa upya kichwani kitu alichokwisha kukigawa. Hakunisema, lakini siku iliyofuata alirudi tena kuchota, siku ambayo alipaswa kurina. Msimfanyie mtu hivyo. Hesabuni lita 5 kwa kila mtu kwa kila siku, za kunywa na kupikia, mfike nazo, na kama kisima kina maji basi hayo yenu yatakuwa ya akiba.

Mwisho, ulizeni mapema kambi hiyo iko kwenye ardhi ya nani. Huku kwetu kuna misitu ya vijiji, kuna hifadhi za misitu zilizo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kuna maeneo ya jumuiya za wanyamapori kama Ipole, na tangu 2019 Mto Ugalla ni Hifadhi ya Taifa yenye taratibu zake kabisa. Mzee akiwa na kibali cha kurina, kibali hicho ni chake na kazi yake, si cha wageni wake wanne wenye baiskeli. Piteni kwanza ofisi ya misitu ya wilaya na kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwalimu wa Ng'ambo

Ahsante sana, ndugu yangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na nimeushirikisha kwa wenzangu. Kuhusu maji nakiri kwamba tulikuwa tumepanga chupa za baiskeli pamoja na dumu moja. Nina swali la haraka: mpwa wangu amenunua mtumba jaketi zito la bluu ambalo limemkaa vizuri sana, na nilikuwa nimeridhika kwamba yeye kwa upande wa baridi tumemaliza. Au liko jambo jingine?

Nesi wa Urambo

Mwalimu, liko jambo jingine, na ni hilo hilo jaketi. Mbung'o huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Tena huvutwa na kitu kinachotembea, kwa hiyo mwendesha baiskeli aliyevaa bluu katika miombo amejitangaza mara mbili. Mwache kijana alivae usiku kambini, kwa kuwa mbung'o huuma mchana. Mchana avae shati la mikono mirefu la kitambaa kizito chenye rangi ya udongo au ya majani makavu, kwa maana kitambaa chepesi wanakichoma wakapita.

Siandiki haya kuwaogofya. Wengi huumwa na mbung'o na wasipate chochote zaidi ya maumivu. Lakini mkoa wetu huu una historia ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, na huku magharibi ya mkoa tumeshaona wagonjwa. Aina ya malale ya upande wetu wa Afrika haichelewi kama ile ya magharibi ya bara. Homa huweza kuanza ndani ya wiki moja hadi tatu tangu kuumwa, na baadhi ya watu huota uvimbe wenye maumivu mahali walipoumwa. Ninachowaomba ni hiki: mkipata homa mwezi huo baada ya safari, mwambieni mhudumu kwa maneno yenu wenyewe kwamba mlilala porini na mliumwa na mbung'o, na ombeni damu iangaliwe kwa hadubini. Mgonjwa asiposema, hutibiwa malaria, akapata nafuu ya siku mbili kwa dawa za maumivu, akarudi hali ikiwa mbaya. Dawa zipo, na tangu 2024 Shirika la Afya Duniani limeingiza vidonge vya fexinidazole katika mwongozo wa kutibu aina hii, jambo lililokuwa ndoto nilipoanza kazi. Lakini dawa humsaidia aliyewahi.

La pili ni moto. Mkisikia baridi saa tisa za usiku, mtashawishika kuingiza jiko la mkaa ndani na kushusha gunia la mlango. Msifanye hivyo kabisa. Mkaa unaowaka katika hewa finyu hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Jiko libaki nje.

Mwana wa Mrina, Sikonge

Dada nesi, nakubaliana nawe juu ya mkaa, lakini wazee wetu wamelala na moto ndani ya vibanda tangu zamani, na sijasikia aliyekufa kambini kwa sababu hiyo. Naogopa Mwalimu akifika na kumwambia mzee atoe moto wake nje, itaonekana watu wa mjini wamekuja kumfundisha.

Nesi wa Urambo

Hoja yako ina msingi, kaka. Kibanda cha nyasi chenye kuta za fito kinapitisha hewa kila upande. Hatari ninayoisema ni ya wageni wanaokuja na turubai, wakaziba kuta zote kwa sababu ya upepo, kisha wakaweka mkaa katikati. Moto wa mzee ubaki ulipo. Turubai la Mwalimu ndilo lisizibe kuta.

Aliyerudi kutoka Uskoti, Tabora

Naomba kuchangia juu ya baridi na juu ya vibanda, kwa kuwa nilisoma Uskoti miaka miwili na wenzangu wa huko walinizoesha jambo hili hili analolitaka Mwalimu, ila katika majira yao ya baridi kali. Kule milimani kuna nyumba ndogo za mawe ambazo zamani zilikuwa za wachungaji na vibarua wa mashamba, wakahama, zikabaki tupu. Wanaziita bothy. Tangu 1965 kuna chama cha kujitolea kinachozikarabati, nazo ziko kama 100 hivi. Hazifungwi kwa kufuli, hazina umeme, hazina bomba, wala hakuna anayelipa. Sheria ya 2003 ya nchi hiyo inampa mtu haki ya kupita kwenye ardhi kwa miguu au kwa baiskeli mradi aende kwa adabu.

Mwezi wa kumi na mbili kule mwanga wa jua hudumu kwa muda wa kama saa saba tu kwa siku. Jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na mtu asiyefika kibandani kabla ya hapo anaendesha gizani kwenye matope yaliyoganda. Maji ya kwenye chupa huganda pia, nasi tulikuwa tunageuza chupa kichwa chini, kwa sababu barafu huanzia juu na hivyo mdomo ulioelekea chini hubaki wazi. Hayo hamtayahitaji Sikonge. Mwezi wa saba kwetu jua linatoka karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, kama siku nyingine zote.

Lakini yapo niliyojifunza kule ambayo nimeyatumia hapa Tabora na yamenifaa. Kubwa ni jasho. Mtu hapati baridi sana akiwa anaendesha. Anaipata anaposimama, fulana yake ya pamba ikiwa imelowa. Kwa hiyo anzeni safari mkisikia baridi kidogo, msivae sweta mkapanda nalo kilima, na mkifika tu kambini, kabla ya kuketi na kabla ya chai, vueni kila kilicholowa mvae kikavu ambacho hamkukigusa mchana kutwa. Mimi huifunga fulana hiyo ya usiku kwenye mfuko wa plastiki pamoja na soksi, na siifungui njiani hata mvua ya mawe inyeshe.

Jingine ni ardhi. Watu hubeba mablanketi mawili wakajifunika yote mawili, kisha wanashangaa wanatetemeka. Baridi ya porini humpanda mtu kutoka chini. Blanketi moja liwe chini, juu ya mkeka, na chini ya mkeka wekeni nyasi kavu unene wa shubiri nzima, baada ya kuzikung'uta kwa ajili ya nge. Usiku wa kipupwe anga huwa jeupe bila wingu, joto la ardhi linapotea lote juu, na hewa iliyopoa huteremka kukusanyika mabondeni. Mjini vipimo vinaweza kusoma nyuzi 15, lakini ukingoni mwa mbuga, yaani bonde la nyasi lisilo na miti, ile hewa inauma zaidi ya hapo. Mkiwa na hiari ya mahali pa kulala, laleni mwinuko, msilale ukingo wa mbuga hata kama ndipo penye mandhari.

Na kama Mwana wa Mrina alivyosema kuhusu vipande vya tyubu, kule nako tulikuwa tunabeba makaa ya mawe mgongoni kwa sababu kuzunguka vibanda vile hakuna miti, na kanuni ilikuwa kwamba anayeondoka anaacha kuni au makaa makavu kwa ajili ya asiyemjua. Nilipoisoma habari ya ule msumari niliguswa sana.

Fundi wa Mwanga, Kigoma

Mimi ni fundi baiskeli hapa Kigoma na nitasema ya baiskeli tu. Sisi huku shida yetu ni miteremko: mtu anateremka kutoka Kalinzi kuelekea ziwani, breki zinachemka mpaka zinanuka. Nyinyi wa Tabora mna tambarare, adui yenu ni mchanga na miiba.

Mchanga unataka upepo mdogo kwenye matairi. Mkitoka lami, punguzeni mpaka mkibonyeza tairi kwa dole gumba kwa nguvu libonyee kidogo, lakini rimu isigonge mnapopita juu ya mzizi. Mzigo msiuweke wote kwenye keria, kwa sababu gurudumu la nyuma litazama na la mbele litakuwa jepesi, likawa linayumba. Maji ndiyo mazito, yagaweni: chupa katikati ya fremu, dumu dogo la lita 5 kila upande wa keria, likae chini kadiri inavyowezekana. Kwenye mchanga mzito msikate kona, msikaze breki ya mbele, endesheni gia nyepesi miguu ikizunguka haraka. Ukihisi umeanza kuchimba, shuka usukume. Kulazimisha ndiko kunakokata cheni.

Cheni isilowe mafuta. Wengi wanaitia mafuta mengi kwa nia njema kabla ya safari, vumbi linashika, mpaka jioni imekuwa msasa unaokula meno ya gia. Tone moja kila kiungo, subiri, kisha futa kwa kitambaa mpaka mkono ukigusa usichafuke.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, kwa kuwa nimeona safari nyingi zikiharibikia hapa. Maduka ya vijijini yana tyubu za inchi 28 za baiskeli za kawaida, na ukibahatika za inchi 26. Kama mna baiskeli za inchi 29, au rimu zenye tundu dogo la valvu nyembamba, hamtapata kitu huko. Kila mtu abebe tyubu zake mbili, na kundi zima libebe viraka, solusheni mpya, kwa maana iliyofunguliwa zamani huwa imekauka ndani bila wewe kujua, msasa, pampu iliyojaribiwa nyumbani, kiungo cha cheni na spoku tatu za saizi yenu. Ukipata pancha, usirudishe tyubu mpaka umepitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima. Mwiba wa mgunga hukatikia ndani, kwa nje huuoni, na utatoboa tyubu ya pili kabla hujamaliza kilomita moja.

Breki za waya zinawatosha. Kama mojawapo ni ya mafuta na inavuja hata kidogo, itengenezeni sasa, msiseme tutaona huko.

Jirani wa Kitete, Tabora

Naongeza dogo la chakula. Bebeni michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, badala ya mikate. Mkate utapondeka kwenye keria siku ya kwanza, bali matobolwa yanakaa mfukoni, yanatafunwa huku mtu anaendesha, na ukiyalowesha kwenye chai ya moto asubuhi ya baridi pamoja na karanga, utafika saa saba mchana bila njaa. Jioni ugali na dagaa, upikeni mwingi uwatoshe na wenyeji.

Mwalimu wa Ng'ambo

Ndugu zangu, nimekosa neno la kuwashukuru. Jana jioni tulikutana wote wanne kwa fundi cherehani, tukasoma majibu yote kwa sauti, na mipango imebadilika kwa kiasi kikubwa.

Tumepata mjomba kwa simu. Alipanda kwenye kichuguu kutafuta mtandao. Kambi yake iko ndani ya hifadhi ya misitu, kwa hiyo Alhamisi mwenzangu atatangulia Sikonge kufuatilia kibali, na kikikosekana tutaishia kijijini, tutalala huko na kuendesha njia za msitu wa kijiji. Mjomba anasema kisima bado kina maji lakini yameshuka na yana tope. Tumeamua kubeba lita 40 kutoka kijiji cha mwisho, lita 10 kila baiskeli kama Fundi alivyoelekeza, na lita 20 nyingine zitapelekwa Ijumaa na kijana wa kijijini anayempelekea mjomba mahitaji, nasi tutamlipa. Kwa siku tatu za watu wanne hesabu inafika lita 60 alizosema Mwana wa Mrina. Vidonge vya klorini tumenunua.

Tumekubaliana pia tusirundikane kibandani. Mjomba ana wenzake wawili msimu huu, na uchaga ni mmoja. Tutalala chini ya turubai lililo wazi pande mbili, kwenye mwinuko aliotuonyesha kwa maneno kuwa uko nyuma ya mti mkubwa wa mninga, hatua kama 30 kutoka kwenye moto wake.

Jaketi la bluu litakwenda ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na soksi kavu. Kijana alinuna kidogo, lakini fundi cherehani amemshonea mwenyewe shati la khaki la mikono mirefu usiku ule ule, na sasa nasi watatu tumeagiza kama lake. Jana kabla hatujaachana tulikaa barazani tukikata tyubu tatu kuukuu kwa mkasi wa kukatia vitambaa, zikatoka kamba 41. Nilimuuliza mjomba kwenye simu kama kwake nako kuna msumari wa kuzitundika. Alinyamaza kidogo, akaniuliza nimeyajuaje, kisha akasema upo, upande wa kushoto ukiwa unaingia.